Risala ya Waliolelewa kwa Watu na Walezi Wao, Dagoretti na Westlands

Kwa Kamati ya Bunge la Taifa inayoshughulikia ulinzi wa jamii. Baraza la Taifa la Huduma za Watoto. Kurugenzi ya Huduma za Watoto. Na wakuu wa vituo vya televisheni na watayarishaji wa tamthilia, Nairobi.

Waheshimiwa,

Sisi tulioweka sahihi na vidole gumba katika risala hii tunatoka Kawangware, Gatina, Kangemi, Riruta, Waithaka na Uthiru. Wengine wetu tulilelewa katika makao ya watoto, wengine kwa walezi wa kambo, na wengi zaidi kwa nyanya na shangazi ambao serikali haikuwahi kuwaandikia karatasi yoyote. Walezi wenyewe wamo pia, kina mama na baba wachache, wanaoishi na watoto wasio wa damu yao katika nyumba za chumba kimoja. Ibara ya 119 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi mbele ya Bunge, wala haimuulizi kwanza jina la baba yake. Kwa haki hiyo tumekuja mjini. Tunaomba mtusikilize hadi mwisho, maana tuliyo nayo hayaenei katika kipindi cha dakika 45.

Tunataja kipindi kwa sababu. Kila tamthilia ya upelelezi, iwe imetoka Marekani au imetengenezwa hapa, ina siku yake ya kutugeukia sisi. Hadithi hiyo tunaijua kama tunavyolijua basi la 46 linakopita. Mtoto amepotea, au maiti imeokotwa mtaroni. Wapelelezi wanafika penye lango la mabati. Mama mlezi ana macho makali na fimbo nyuma ya mlango. Afisa wa watoto ama ni mla rushwa, ama ni malaika aliyechoka. Robo saa ya mwisho mlango unavunjwa, mtu anatiwa pingu, mtoto anafunikwa blanketi na kuingizwa garini. Halafu matangazo ya unga.

Hatusemi ni uongo. Fimbo tunazijua, na wapo miongoni mwetu wanaojua makubwa kuliko fimbo. Tena tulifurahi tamthilia ya Crime and Justice ilipoanza kuonyeshwa 2021, Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa wapelelezi wa Nairobi, kwa kuwa angalau polisi wa tamthilia walianza kupita barabara tunazopita sisi. Lalamiko letu ni pale hadithi inapokatwa. Yule mtoto wa blanketi anapelekwa kwa nani? Nani atakwenda kumtazama mwezi ujao, na ule unaofuata? Kwetu mambo yaliharibikia hapo, na mara nyingi hapakuwa na mhalifu wa kutiwa pingu. Palikuwa na mlango tu ambao hakuna aliyekuja kuupigia hodi.

Mnaodhani tunawalaumu wasanii bure, tazameni Uingereza. Januari 1945, mvulana wa miaka 12 aitwaye Dennis O'Neill alikufa katika shamba moja huko Shropshire, alikokuwa amewekwa na halmashauri ya mji alelewe na mkulima na mkewe. Alipigwa na kunyimwa chakula. Uchunguzi wa Sir Walter Monckton, uliotolewa mwaka huo huo, haukuishia kwa mkulima. Ulifuata makaratasi, ukaonyesha ukaguzi ulivyolegea na taarifa zilivyokwama kati ya ofisi na ofisi, kila upande ukidhani upande wa pili unamwangalia mtoto. Miaka mitatu baadaye ikapitishwa Sheria ya Watoto ya 1948, iliyoilazimu kila serikali ya mtaa nchini humo kuajiri afisa wa watoto. Kisa hicho hicho ndicho kilichompa mwandishi Agatha Christie wazo la mchezo wa redio wa 1947, ambao baadaye aliugeuza kuwa The Mousetrap, ulioanza kuonyeshwa London 1952 na hadi leo tiketi zake zinauzwa. Watazamaji huombwa wasimtaje muuaji wakitoka nje, nasi tutaitunza siri hiyo. Lakini angalieni mpangilio: kabla ya mchezo kuanza kuwaburudisha watu jukwaani, dola lilikuwa limekwisha kusoma faili ukurasa kwa ukurasa na kubadilisha sheria. Kwetu burudani tunayo. Ripoti ya namna ya Monckton hatujawahi kuletewa mkononi.

Mtatuambia sheria ipo. Ipo, na si mbaya. Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua mahali pa ile ya 2001. Inatambua malezi ya kambo, inatambua kafala kwa Waislamu, na inataka mtoto asikae katika makao ila kwa kukosa njia nyingine. Juni mwaka huo huo mkazindua Mkakati wa Taifa wa Mageuzi ya Malezi, wa 2022 hadi 2032, unaokusudia kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia na jamii. Sisi si wapinzani wa mkakati huo. Aliyewahi kulala bweni la vitanda 40 akisubiri zamu ya kukumbatiwa na mgeni kutoka ng'ambo hahitaji kuhubiriwa kwamba familia ni bora. Ila mtoto akitolewa bwenini, mahali penye mpishi, mlinzi na kitabu cha wageni, akapelekwa chumba kimoja Gatina, macho yaliyokuwa yakimwona yanapungua. Macho ya serikali ndiyo yaliyopaswa kuongezeka.

Hayakuongezeka. Tunaeleza jinsi ukaguzi unavyofanyika, kwa yaliyotupata wenyewe, bila kutaja ofisi wala jina. Simu inalia jioni. Mlezi anaweka spika ili watu wote nyumbani wasikie. "Mama, mtoto anaendeleaje?" Anaendelea vizuri. "Shule anaenda?" Anaenda. "Hebu mpatie simu." Mtoto anasogea, mlezi amesimama pale pale na mwiko mkononi, jirani amekaa kitandani, na mtu anayempiga katika nyumba hiyo amekaa kwenye kiti cha mlangoni anakunywa chai. "Uko sawa?" Niko sawa. Simu inakatwa, na faili linaandikwa kwamba mtoto ametembelewa. Mmoja wetu aliulizwa "uko sawa" kwa njia hiyo tangu darasa la nne hadi la nane. Alikuwa na kovu la pasi mgongoni. Simu haioni mgongo.

Hatuwachukii maafisa. Afisa mmoja anabebeshwa kaunti ndogo nzima: Dagoretti Kaskazini pekee ina Kilimani, Kileleshwa, Kabiro, Gatina na Kawangware, na asubuhi anatakiwa mahakama ya watoto Milimani, mchana kituo cha polisi, jioni kuandika ripoti. Nauli anatoa mfukoni. Wanaomsaidia ni wahudumu wa kujitolea wa mtaani, wasiolipwa, ambao wengi ni kina mama wa kuuza mboga. Hao ndio wanaojua mlango upi una kilio, lakini hawana mamlaka ya kuingia wala kitabu cha kuandika.

Dai letu la kwanza na kubwa kuliko yote ni ukaguzi wa kweli. Afisa au mhudumu aliyeidhinishwa aje kwa miguu yake, bila kutangaza siku. Azungumze na mtoto faraghani, nje ya nyumba, mbali na mlezi. Aandike katika kitabu kinachobaki nyumbani, na mtoto anayejua kuandika atie jina lake mwenyewe. Ziara ambayo haikufanyika iandikwe kuwa haikufanyika. Wahudumu wa kujitolea wapewe posho na kitambulisho cha kazi, na kila wadi iwe na afisa wake, kwa kuanza na Kawangware, Gatina na Kangemi.

Kamera zimewahi kufanya kazi ambayo ziara ingeifanya kwa bei rahisi. Novemba 2020 BBC Africa Eye ilitoa filamu yake kuhusu wizi wa watoto wachanga Nairobi. Waandishi walikaa na kina mama wanaolala barabarani katikati ya jiji, wakaonyesha jinsi watoto wanavyoibwa na kuuzwa, na kamera ya siri ikamnasa mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali moja ya umma akipanga kuuza mtoto aliyetelekezwa. Mtoto huyo alistahili kupelekwa makao ya serikali kwa karatasi rasmi, na karatasi hizo hizo ndizo zilizokusudiwa kumficha. Mshtakiwa alihukumiwa kifungo kirefu 2023. Tulishangilia. Halafu tukajiuliza kama kuna mtu amehesabu upya watoto wengine wote waliopita katika mikono ile, na karatasi zao zinawaonyesha wako wapi sasa. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, 15,337 kati yao Nairobi. Mama aliyejifungulia kwenye veranda ya duka hana kadi ya kliniki. Mtoto wake akichukuliwa, tamthilia inaanza na kumalizika bila yeye kuonekana.

Kisa cha Bomet kinauma zaidi. Mmisionari wa Kimarekani, Gregory Dow, alifungua makao ya watoto huko 2008. Wasichana waliodhulumiwa humo hawakupata haki yao Bomet wala Milimani. Mahakama ya Pennsylvania, Marekani, ndiyo iliyomfunga Februari 2021, miaka 15 na miezi 8. Makao hayo yalikuwa nchini mwetu miaka yote ya dhuluma hizo. Tunadai kwamba mtoto akifa au akiumizwa vibaya akiwa chini ya malezi yaliyoidhinishwa na serikali, popote nchini, ufanyike uchunguzi huru na ripoti yake itolewe hadharani, jina la mtoto likiwa limefichwa na majina ya ofisi yakiwa wazi. Itaje kila siku ambayo mtu alipaswa kufika asifike.

Sasa pesa. Mambo haya hayapendezi kusemwa mbele ya wageni lakini tumekuja kuyasema. Mtoto akiwa ndani ya makao, fedha zinamfuata kitandani: wafadhili, makanisa, watalii, magunia ya mchele kila Krismasi. Akirudishwa kwa nyanya yake Waithaka, fedha zinabaki na kitanda. Mpango wa kusaidia mayatima chini ya Inua Jamii, ulioanza kwa majaribio 2004 katika maeneo yakiwemo Nairobi, unatoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya, awe mtoto mmoja au watoto watano. Nyanya aliye katika orodha anashukuru. Mlezi wa kambo aliyempokea mtoto kwa barua ya serikali haingii katika orodha hiyo kwa sababu ya kumlea tu. Lazima awe fukara kwanza. Mlezi mmoja aliye nasi hapa alipokea mtoto wa miezi mitano Ijumaa jioni, na alichokabidhiwa pamoja naye ni barua, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na chupa yenye maziwa yaliyoganda. Jumatatu akawa anauza cherehani. Tunadai posho ya kila mwezi kwa kila mtoto, imfuate mtoto popote aendapo, na bima ya afya yake ilipwe tangu siku ya kwanza. Zipo fedha zinazotumika leo kwa vitanda. Zihamishwe na mtoto. Bila hivyo, mageuzi yenu yatakuwa kuwahamishia maskini gharama ambayo matajiri walikuwa wakiibeba.

Tena kuna mambo ya karatasi, na hapa tunaomba subira yenu kwa sababu nusu ya sahihi zilizopo zimewekwa kwa ajili ya jambo hili pekee. Aliyeokotwa akiwa mchanga ana nambari ya OB ya kituo cha polisi, ana amri ya mahakama, labda ana faili. Cheti cha kuzaliwa hana, au anacho chenye jina alilobuniwa na muuguzi wa zamu. Bila cheti, kumwingiza katika mfumo wa shule na kumsajili kwa mtihani wa taifa kunakuwa safari ya kubembeleza. Akifika miaka 18 anaambiwa aende akachukue kitambulisho. Pale dirishani, Huduma Centre ya GPO, anaulizwa: nakala ya kitambulisho cha baba? Cha mama? Barua ya chifu wa nyumbani kwenu? Chifu wa wapi? Kijana anasema alilelewa kwenye makao. Anaambiwa alete barua ya makao. Makao yamefungwa, au mkurugenzi amehama, au mafaili yalinyeshewa. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lake, hakuna akaunti, hakuna kazi ya mjengo, na usiku polisi wakimkuta Kangemi stendi ana kesi ya kujibu. Miaka yote alikuwa mtoto wa serikali, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayomwuliza yeye ni nani.

Siku hiyo ya kutimiza miaka 18 kwa wengi wetu ilikuwa hivi: godoro la inchi tatu lililokunjwa kwa kamba, mfuko wa karatasi wenye shati mbili na ripoti za shule, picha ya pamoja mbele ya basi la makao, na dua. Mengine tukajifunzia mtaani. Kwa hiyo tunadai cheti cha kuzaliwa kipatikane kabla mtoto hajatoka mikononi mwa mahakama iliyompeleka kwenye malezi, na amri ya mahakama itoshe mahali pa vitambulisho vya wazazi. Tunadai pia faili letu. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinatupa haki ya taarifa zinazotuhusu zilizo mikononi mwa dola. Tunataka kusoma tuliokotwa wapi, nani alituleta, kama tuna ndugu aliyepelekwa makao mengine. Yupo kati yetu aliyegundua akiwa na miaka 23 kwamba dada yake alikuwa Riruta muda wote, vituo vitatu vya matatu kutoka kwake. Walikuwa wamegawanywa siku moja, kwa kalamu moja, na hakuna aliyeona haja ya kuwaambia.

Kwenu wa televisheni tuna maneno machache, na tunayasema kwa heshima kwa kuwa mnatufikia kuliko Gazeti Rasmi la serikali. Studio zenu kadhaa ziko Kilimani, eneobunge moja na Kawangware na Gatina. Mtu anaweza kuja kwa miguu. Kipindi cha upelelezi kikionyesha mama mlezi muuaji, asubuhi yake mtoto wa mama mlezi asiye muuaji anaulizwa na wenzake shuleni kama naye hupikiwa sumu. Wanaofikiria kupokea mtoto wanaogopa kuonekana washukiwa, na walezi ni wachache tayari. Hatuombi mtupambe. Andikeni maovu yetu, lakini mwandikeni pia afisa asiyekuja, kwa sababu huyo ndiye mhusika mkuu, na kumcheza si rahisi: hana sura, hana sauti, yuko nje ya kamera muda wote. Mwandishi stadi ataliweza hilo. Kabla hamjaandika, tuiteni mezani tuisome hadithi pamoja nanyi, na mtulipe kama mnavyomlipa askari mstaafu anayewafundisha kushika bastola. Nambari 116 ya kusaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure, iwekwe mwishoni mwa kila kipindi cha namna hii, kwa maandishi makubwa, isomwe kwa sauti, maana si kila mtoto anayetazama anajua kusoma. Na katika taarifa za habari, mnapoufunika uso wa mtoto kwa ukungu, ufunikeni pia mkoba wa shule, sare, na lango la nyumba. Mtaa mzima hutambua sare.

Tulipofikisha malalamiko haya kwa mdomo ofisi mbalimbali, tulipewa chai na ahadi ya kamati. Safari hii hatuombi kamati. Tunaomba majibu kwa maandishi, dai kwa dai, yakisema lipi litafanyika, nani atalifanya, na fedha zake ziko katika fungu gani la bajeti. Lisilowezekana lisemwe haliwezekani, na sababu yake.

Majibu hayo yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe katika ofisi za machifu wa Kawangware, Kangemi, Riruta na Waithaka, na yasomwe katika baraza siku ya Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine walezi wengi wako kazini. Nakala moja ipelekwe mahakama ya watoto, Milimani. Wajumbe tuliowachagua watakuwa mlangoni pa ofisi ya Kurugenzi Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi kuyauliza, pamoja na watoto wowote ambao siku hiyo watakuwa hawana wa kubaki nao.

Wenu,
Waliolelewa kwa watu, na wanaowalea